Wabura, Enda Uangalie Maji

Mzee Gitau, fundi wangu,

Ni mimi, Wafula. Wewe uliniita Wabura miaka yote saba, na mwishowe hata wauza mchanga wa Makongeni wakaniita hivyo, kwa hiyo nadhani nikisema ni Wabura utanijua haraka zaidi. Ulimi wako haukuwahi kupatana na L wala F. Wangu haukupatana na B, ukanicheka kila nikisema "papa" badala ya baba, nami nikakucheka kila ukiulizia "chakura." Tulikuwa sare.

Leo ni Jumapili na sikwenda kanisani. Nimekaa nje ya chumba changu hapa Mwihoko, juu ya karai niliyoipindua, daftari liko magotini. Nilihama Thika mwezi wa pili kwa sababu kodi ya huku ni nafuu na kazi za Ruiru ni nyingi kuliko za kwetu. Nyumba zinaota huku kama magugu. Ni Julai, unajua baridi ya Julai, plasta haikauki na mikono inapasuka, nikikunja vidole kushika kalamu damu inatoka kidogo hapa kwenye gumba. Nimechoka, Mzee. Uchovu wa kurusha plasta naujua, ukilala unaisha. Huu wa sasa naamka nao.

Ni miezi minane tangu tukuzike. Nilitaka kukuandikia mapema lakini kila nikianza nilikuwa nakasirika, na si adabu kumwandikia marehemu ukiwa na hasira. Sasa hasira imeniisha, na nitakueleza ilivyoisha.

Mama Njeri wako alinipa mwiko wako wa plasta siku ya tatu baada ya mazishi. Alikuwa ameusugua kwa majivu mpaka ukang'aa, na mpini ameufunga kitambaa. Akaniambia, "Huo ni wako, na kazi ni yako, enda ukatafute." Nikashukuru, nikaondoka nao chini ya koti, najiona nimekuwa mtu mkubwa. Mkubwa huyo alidumu mpaka mtu wa kwanza aliponiuliza, fundi, bei gani?

Ulinifundisha yote, sitakataa. Kuchekecha mchanga. Kulowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi ili usinyonye maji ya plasta. Kurusha kwa kifundo cha mkono na kuacha bega lipumzike. Kukwaruza plasta asubuhi kwa ufunguo ili kuona kama imeshika. Lakini bei hukunifundisha. Kila mara mwenye nyumba aliposafisha koo, ulinigeukia: "Wabura, enda uangarie maji." Maji yalikuwa kwenye pipa. Pipa haliendi popote. Nilienda nikasimama kando yake, nikaangalia maji, maji yakaniangalia, nikarudi nikakuta mmeshikana mikono na bei imeisha kusemwa. Miaka saba, Mzee, nimeangalia maji.

Nilidhani huniamini. Nakuambia leo kwa sababu ukiwa hai nisingethubutu. Nilidhani unanificha bei ili nisije nikaondoka nikaanza yangu. Hata kwenye matanga, nikichota maji ya chai ya waombolezaji, nilikuwa nasema moyoni, ona, maji tena.

Basi nikaanza kutaja bei kama mtu anayetupa jiwe gizani. Jamaa mmoja wa Ngoingwa alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha. Aliponiuliza nikaogopa, nikataja kubwa, kubwa mpaka mimi mwenyewe masikio yakaniwasha. Alicheka vizuri tu, bila ubaya, akaniuliza kama nataka kuinunua hiyo nyumba. Kazi akapewa mwingine. Wiki mbili baadaye nikapata jiko la mama anayeuza maandazi karibu na steji ya Kimbo. Nikaogopa upande wa pili, nikataja ndogo. Nilipomaliza na kumlipa mtu wa mkono aliyenikorogea simiti, nilibaki na nauli na maandazi manne. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Mtu wangu wa mkono utampenda. Anaitwa Baba Achieng, mtu mzima kunizidi, mvi zimeanza kumtoka. Alikuwa kiwandani miaka kumi na mingine juu yake, halafu wakapunguza watu na yeye akapunguzwa. Sasa anakoroga simiti na kubeba karai. Haongei sana. Akimaliza kazi ananawa mikono mara mbili, kama mtu anayetarajia kuitwa ofisini.

Sasa nikueleze kuhusu nyumba ya Mwalimu Tabitha, kwa maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ni mwalimu mstaafu. Ploti yake iko Kimbo, ndani kidogo. Amejenga kwa miaka sita, akinunua mawe kila akipata: lori moja mwaka huu, lori lingine mwaka unaofuata, kila lori kutoka machimbo tofauti. Sasa ana paa na milango, na anaishi humo humo ndani ya chumba kimoja, magunia yameziba dirisha, na upepo wa Julai unampitia kwenye viungo vya mawe. Ana kifua kibaya. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona, na nilikujua wewe katika kile kikohozi. Akaniambia amepata pesa zake za kustaafu zilizokuwa zimebaki, na anataka nimtajie bei moja tu, simiti, mchanga, kazi, yote pamoja. "Sina nguvu ya kuhesabu mifuko, fundi. Wewe sema, mimi nilipe, unifunikie hizi kuta."

Mzee, kumbuka nilichokuwa najua kuhusu bei. Nilijua neno moja tu. Ulikuwa unaingia kwenye nyumba ya watu, unaweka kiganja ukutani, unaniambia, "Angaria, Wabura, huu ukuta unakura," na nilijua siku hiyo bei itapanda. Mimi ni Mbukusu, Kikuyu changu nilikiokota barabarani Thika, lakini nilijua kwa lugha yenu kukura ni kuzeeka. Na kuta zetu zilikuwa zimezeeka kweli. Tulikuwa tukitengeneza zile nyumba za kupanga za Majengo, plasta imefura, ukigonga inakuangukia miguuni. Neno lilikaa sawa kabisa. Ukuta mzee, bei ya juu. Sikuona sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo kwa Mwalimu nikafanya kama wewe. Nikaweka kiganja. Nikagonga. Nikasikiliza. Jiwe gumu, jipya, hakuna kinachomwagika. Nikajiambia huu ukuta haukuri, huu bado ni mtoto. Nikataja bei ya ukuta mtoto.

Mwalimu alikubali haraka sana. Hakupunguza hata kidogo. Akanipa chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, tukashikana mikono.

Kamba niliifunga baada ya kushikana mikono. Kila fundi hufunga kamba akianza kazi, pembe hadi pembe, ili plasta yake itoke sawa. Nilipoikaza, ikagusa jiwe pale katikati, na huku pembeni ikaacha nafasi ya kuingiza mkono. Nikahamia ukuta mwingine. Vilevile. Kila lori la mawe lilikuwa limekuja na upana wake, na fundi aliyejenga alipanga tu akaenda zake. Kuta zote zilikuwa na matumbo na mashimo, na mashimo hayo hujazwa kwa plasta, na plasta ni simiti, na simiti ilikuwa yangu. Mifuko niliyohesabia nyumba nzima karibu yote iliishia kwenye vyumba viwili vya kulala. Kulikuwa kumebaki ukumbi mwembamba wa katikati na sebule nzima.

Hapa kuna jambo nilitaka kuliruka. Nimeshachana karatasi moja ya barua hii kwa sababu yake.

Asubuhi ya ukumbi nilimwambia Baba Achieng aweke karai moja ya simiti kwa karai nane za mchanga. Wewe hukuwahi kupita nne. Alisimama na karai begani, akaniuliza, "Nane?" Nikasema nane. Hakuuliza tena. Alikoroga, mimi nikarusha, na ukuta ulitoka laini kuliko wote, maana mchanga mtupu husugulika kirahisi. Mwalimu akapita na kikombe chake, akaweka mkono pale, akasema kazi nzuri. Sikuweza kumwangalia.

Kesho yake nilikwaruza kwa ufunguo. Mchanga ukanimwagikia kiganjani, mkavu, kama uji wa unga uliosahau maji. Nikajua ukuta ule hautamaliza mwaka. Nikaufunga mwiko wako kwenye gazeti, nikamwambia Baba Achieng apumzike siku hiyo, nikaenda Thika kumrudishia Mama Njeri. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa naenda kutafuta kazi ya kuvuna mananasi, ambako bei husemwa na mtu mwingine, na mimi ni kuinama tu.

Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlango anachambua maharagwe. Amekonda kidogo, lakini mzima. Binti yenu Njeri anaishi naye sasa, kazi yake ya kushona inaenda. Yule mbuzi wako mbaya alikufa, samahani, na hakuna aliyemlilia. Nikakaa, nikampa mwiko, akakataa kuushika. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, hata nane. Nikamwambia sielewi nilikosea wapi, maana nilifuata neno la Mzee: niliangalia kama ukuta unakura, na ulikuwa haukuri, ulikuwa mpya.

Akaacha kuchambua. "Mpya ndio nini?" akasema. "Mpya haiwezi kura?"

Nikasema kukura si ni kuzeeka.

"Wabura, nani amekuambia kuzeeka? Sio kuzeeka. Kura."

Nikasema ndio Mama, kura.

"Hapana. Kura," akasema, na kuona sielewi, akakusanya vidole vitano, akavipeleka mdomoni, akatafuna. Kutafuna hewa tu. Halafu akaonyesha ukuta wa nyumba yenu, akatafuna tena.

Kula. Ukuta unakula. Mzee, miaka saba ulikuwa unaniambia ukuta unakula plasta, na mimi nasikia ukuta unazeeka. Mimi niliyekucheka kwa "chakura." Nilicheka, Mama naye akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, na alipoinama kuyaokota nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Nikainama nikamsaidia.

Ndipo akaniambia mambo uliyokuwa ukiyasema nyumbani ukinawa miguu. Kwamba hukutaja bei hata siku moja kabla ya kukaza kamba. Nakumbuka ile kamba. Tulishika kila mtu ncha yake, halafu ukaifunga msumari na kunituma kwenye maji. Nilidhani unatazama tu kama ukuta umenyooka. Kumbe nikishageuka ulikuwa unaingiza vidole kati ya kamba na jiwe. Ulikuwa unafika nyumbani unamwambia Mama, leo ni ukuta wa kidole kimoja, leo ni wa viwili, na siku ya vitatu ulikuwa hauna raha mpaka umehesabu upya. Akaniambia na mpango wako wa bei ulivyokuwa. "Arisema ukuta ure kwanza. Harafu Wabura. Harafu sisi."

Nikamuuliza kwa nini basi hukunifundisha. Kwa nini maji. Sauti yangu ilipanda kidogo, naomba msamaha.

Mama akasema mwenye nyumba akitaka kushusha bei haanzi na simiti, simiti ina bei yake dukani. Wala haanzi na fundi, fundi atanuna. Anaanza na mtu wa mkono. Anasema huyo si wa kubeba tu, huyo si ametoka mbali huko magharibi, huyo atafurahia chochote, mtoe hapo kidogo. Kila nyumba walisema hivyo. Na wewe ulikuwa unakataa. "Hakutaka usikie ukipunguzwa," akasema. Kazi ngapi mlikosa kwa ajili yangu, yeye anajua, na wewe hukusema.

Nami nikakumbuka. Kuna siku nilirudi kutoka kwenye pipa nikakuta hamkushikana mikono. Umekunja kamba tayari, umeweka kofia. "Twende, huyu hana haraka," ukasema, na tukaenda, na nilikuwa nalalamika njia nzima kwamba tumepoteza asubuhi, na wewe unakohoa tu unatembea. Siku hizo zilikuwa nyingi, Mzee. Nilidhani unaringa. Nililia pale ngazini na sikuona haya. Nimekukasirikia mpaka kwenye kaburi lako kwa kitu ulichokuwa unanifanyia.

Mama hakuuchukua mwiko. Alinipa maharagwe kibaba kizima na kuniambia nirudi kazini kabla simiti ya watu haijaganda.

Kesho yake nilianza kubomoa ukuta wa ukumbi. Haukuhitaji nguvu, ulishuka vipande vipande. Mwalimu alitoka chumbani na shali mabegani, akauliza mbona nabomoa ukuta aliousifia. Nikaweka nyundo chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri tangu Thika na yote yalikimbia. Nikamwambia simiti ilinipungukia nikamwekea mchanga, na ilinipungukia kwa sababu bei niliitaja bila kupima. Nikakaza kamba kwenye ukuta wa sebule, nikamwomba aingize vidole. Aliingiza viwili, akasogea, akaingiza vitatu. Akaangalia mkono wake ulivyoingia pale.

"Kwa hiyo ulijibu kabla ya kusoma swali," akasema.

Nikasema ndio, Mwalimu.

Akauliza sasa nataka nini, niongezewe? Nikamwambia bei tulishikana mikono na makosa ni yangu, kwa hiyo vyumba vya kulala na ukumbi nitavimaliza kwa bei ile ile, kwa karai nne, hata kama sitabaki na kitu. Lakini sebule siwezi. Nikiianza nitamwibia tena, sina njia nyingine. Alifikiri. Alikohoa, akafikiri tena. Mwisho akasema sebule ikae na mawe yake mpaka Desemba, atakapopata kitu kutoka kwa mtoto wake, na simiti ya hiyo atanunua mwenyewe, kwa vidole. Kisha akaniuliza kama yule mzee wangu wa karai atalipwa siku ya kubomoa pia. Nikasema atalipwa. Akasema basi endelea.

Hakunisamehe, usidhani. Chai haikuja tena wiki hiyo. Lakini sasa analala kwenye chumba chenye plasta, upepo haumpitii tena kwenye viungo vya mawe, na jana nilipopita kuchukua wilibaro alikuwa anakohoa kidogo tu. Baba Achieng nilimlipa zote. Mimi nilikopa unga hapa dukani kwa jirani na nimekula maharagwe ya Mama Njeri siku tano mfululizo. Yamebaki kidogo. Sina furaha, Mzee, nisikudanganye, nina usingizi tu, na mgongo unaouma. Lakini nimeacha kuogopa kutaja bei. Najua inaanzia wapi.

Nikuambie na ya Alhamisi, halafu nikuache.

Kuna mwenye ploti hapa hapa Mwihoko, vyumba sita vya kupanga kwa mstari. Nilifika na Baba Achieng, nikaomba ruhusa, tukakaza kamba kabla ya kusema lolote. Nikaingiza vidole. Kimoja, kimoja, viwili, kimoja. Kuta nzuri. Nikakaa juu ya jiwe nikapiga hesabu polepole: ukuta kwanza, halafu Baba Achieng, halafu mimi. Nikataja. Mwenye ploti akavuta midomo, akazunguka kidogo, akasimama mbele yetu.

"Si mbaya," akasema. "Lakini huyu mzee umemwekea ngapi? Huyu si wa kubeba karai tu?"

Baba Achieng alikuwa amesimama pale pale, ncha ya kamba bado mkononi. Mtu ambaye ameshapunguzwa mara moja. Nilimwona anatazama chini, anaizungusha ile kamba kwenye kidole, anangoja kusikia thamani yake ikitajwa. Na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu.

"Baba Achieng, enda uangalie maji."

Hapakuwa na maji, Mzee. Ploti ile haina hata bomba. Palikuwa na pipa moja kando ya ua, limetoboka, tupu. Baba Achieng aliniangalia, akaliangalia pipa, akaniangalia tena. Kisha akaweka kamba chini taratibu, akaenda, akasimama pale mikono nyuma, akainamia pipa tupu kama mtu anayesoma.

Mwenye ploti nilimwambia hapo hakuna cha kutoa. Akijisikia kupunguza, apunguze chumba. Akasema atafikiria. Nikakunja kamba, nikaweka kofia, nikamfuata Baba Achieng. Aliuliza imekuwaje. Nikamwambia twende, huyu hana haraka. Tulitembea mpaka barabarani, na mtu yule hajanitafuta mpaka leo, na huenda hatanitafuta. Wiki hii sina kazi.

Basi lala, fundi wangu. Nakuahidi kamba itatangulia maneno, na nitakayefanya naye kazi atakula kabla yangu, na Desemba nitarudi kwa Mwalimu na karai nne. Tena nakuahidi kitu kimoja ambacho wewe hukukifanya: siku moja, tukiwa tumeshiba, nitamweleza Baba Achieng habari ya maji. Asije akaniandikia barua kama hii.

Mama Njeri nitamtembelea mwisho wa mwezi nimpelekee sukari.

Maji nimeyaangalia, Mzee. Usiwe na wasiwasi.

Mimi wako,
Wabura